Ilani ya faragha na taarifa ya akaunti ya hisa Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukifungua akaunti kwa dalali wa hisa wa Marekani, kuna karatasi mbili zitakazokufuata hadi siku utakapoifunga: ilani ya faragha na taarifa ya akaunti. Ya kwanza wengi huitupa bila kuifungua. Ya pili huangaliwa jumla ya chini, kisha nayo inawekwa pembeni. Zote mbili zimejengwa juu ya kanuni ambayo mteja haambiwi waziwazi: ukinyamaza, umekubali. Majibu yafuatayo ni kwa mteja wa kawaida, aishi Marekani au nje yake, ambaye dalali wake yuko chini ya SEC, yaani tume ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji na dhamana, na FINRA, chombo cha sekta yenyewe kinachotunga kanuni za madalali na kuwaadhibu wanaozivunja.

Ilani ya faragha ni kitu gani hasa? Natakiwa kuisaini?

Hapana, haisainiwi. Ni maelezo ambayo sheria inamlazimisha dalali akupe unapokuwa mteja wake. Msingi wake ni sheria ya Gramm-Leach-Bliley ya mwaka 1999, ambayo SEC iliitungia kanuni ya utekelezaji mwaka 2000, inayoitwa Kanuni S-P. Ndani yake dalali anaeleza taarifa zako anazokusanya (namba ya hifadhi ya jamii, kipato, salio, historia ya miamala), anaowapa, na sehemu chache ambazo una haki ya kumwambia basi.

Usiridhike na tangazo la tovuti linalosema "hatuuzi taarifa zako". Linaweza kuwa kweli kabisa huku taarifa zikigawiwa bila malipo kwa kampuni dada na washirika wa matangazo. Jibu la kweli limo kwenye jedwali.

Jedwali hilo linasomwaje? Naona "ndiyo" na "hapana" tupu.

Mwaka 2009 wasimamizi wa sekta ya fedha walitoa muundo mmoja wa ilani. Kuutumia si lazima, lakini anayeutumia sawasawa anahesabiwa ametimiza sheria, ndiyo maana ilani za kampuni tofauti zinafanana kama mapacha. Katikati ya ukurasa wa kwanza kuna jedwali la sababu za kugawa taarifa. Huwa ni saba, wakati mwingine sita. Safu moja inasema kama kampuni inagawa kwa sababu hiyo, na safu ya mwisho inasema kama unaweza kuizuia.

Sababu nne za mwanzo huwezi kuzizuia. Kwanza ni shughuli za kila siku: kukamilisha miamala, kutunza akaunti, kutii amri ya mahakama, kupeleka habari kwenye mashirika ya kumbukumbu za mikopo. Hapo hakuna wa kulaumiwa, bila hizo akaunti haiendi. Ya pili ni matangazo ya kampuni yenyewe. Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu: matangazo ya pamoja na kampuni nyingine za fedha. Dalali akiwa na mkataba wa aina hiyo na, tuseme, kampuni ya bima isiyo ya kwake, anaweza kuipa taarifa zako na wewe huna la kusema chini ya sheria ya shirikisho. Ya nne ni shughuli za kila siku za kampuni dada, kwa habari za miamala yako na namna ulivyohudumiwa.

Tatu za mwisho ndizo zako: kampuni dada kupewa habari za uwezo wako wa kulipa madeni, kampuni dada kutumia taarifa zako kukutangazia, na kampuni za nje kukutangazia. Kama safu ya kwanza inasema "ndiyo" kwenye mstari wowote kati ya hii mitatu, kuna simu ya kupiga. Kama inasema "hapana", safu ya pili itaandikwa kwamba hawagawi, na kazi yako imekwisha.

Wakazi wa California na Vermont wana ulinzi wa ziada. Huko, kwa kampuni za nje, dalali anatakiwa kwa kawaida apate ridhaa yako kwanza. Angalia sehemu ya ilani inayotaja majimbo.

Nina muda gani wa kukataa, na nakataaje?

Kwa mteja mpya, kampuni inaweza kuanza kugawa siku 30 baada ya kutuma ilani. Siku zinahesabiwa tangu ilipotumwa, si tangu ulipofungua bahasha au barua pepe. Zikipita hujapoteza haki: unaweza kukataa siku yoyote, na kampuni lazima itekeleze mapema inavyowezekana. Kilichokwisha kutoka, hata hivyo, hakirudi.

Njia huwa ni simu ya bure, fomu ya kukatwa chini ya ilani, au ukurasa wa mipangilio kwenye akaunti. Kampuni hairuhusiwi kukuwekea njia moja tu ya kukaa chini na kutunga barua yako mwenyewe. Kanuni inasema wazi kuwa hiyo si njia ya haki. Ukipiga simu, andika tarehe na jina la aliyekuhudumia, kisha omba uthibitisho wa maandishi.

Kukataa kwako kunadumu hadi ukubatilishe mwenyewe. Kuna jambo moja la kuangalia hapa: zuio la matangazo ya kampuni dada linaweza kuwekewa ukomo, usiopungua miaka 5, na likiisha lazima upewe nafasi nyingine ya kukataa kabla ya kuanza kutangaziwa upya.

Akaunti ni ya mimi na mwenzangu. Lazima tukatae wote wawili?

Hapana. Mmoja wenu anaweza kukataa. Kampuni inaweza kulichukua neno lake kuwa ni la wote, au ikaruhusu kila mtu aamue lake, na ilani inatakiwa iseme ni lipi kati ya hayo.

Zamani ilani ilikuja kila mwaka. Imekomea wapi?

Bunge la Marekani lilibadilisha sheria Desemba 2015. Dalali ambaye hagawi taarifa kwa namna inayokupa haki ya kukataa, na ambaye hajabadilisha utaratibu wake tangu ilani ya mwisho, hahitaji tena kukutumia kila mwaka. Kwa hiyo ukimya wake kwa kawaida ni habari njema. Akibadilisha utaratibu kwa namna inayokugusa, anapaswa kukutumia ilani mpya kwanza. Juu ya ilani kuna mwezi na mwaka wa toleo; linganisha na uliyonayo kabla ya kusoma yote upya.

Nikifunga akaunti, wanafuta taarifa zangu?

Hawafuti. Wanalazimika kuzitunza kwa miaka kadhaa, na muundo wa ilani wenyewe unasema kuwa wataendelea kugawa kama walivyoeleza hata ukishaondoka. Kama hukuwahi kukataa, fanya hivyo siku ile ile unayofunga.

Kampuni ninayomiliki hisa zake imenitumia barua nyumbani. Jina langu imelipata wapi?

Kwa dalali wako, na kihalali. Hisa zako nyingi zimesajiliwa kwa jina la taasisi inayozitunza, lakini kanuni za SEC za upigaji kura wa wanahisa zinamtaka dalali aipe kampuni, ikiomba, majina, anwani na idadi ya hisa za wateja ambao hawakupinga. Swali hili liliulizwa ulipofungua akaunti, mahali fulani katikati ya visanduku vingi, na pengine kisanduku kilikuwa tayari kimejazwa. Unaweza kubadilisha: mwambie dalali unapinga jina lako kutolewa kwa kampuni zinazotoa hisa. Nyaraka za mkutano mkuu utaendelea kuzipata kupitia kwake.

Fahamu kwamba kisanduku hiki hakihusiani na ilani ya faragha. Mtu anaweza kuwa amekataa kila kitu kwenye ilani na bado jina lake likatoka kwa mlango huu.

Mshauri wangu amehamia kampuni nyingine na ananipigia simu. Aliruhusiwa kuondoka na namba yangu?

Inategemea kampuni hizo mbili. Tangu mwaka 2004 kuna makubaliano ya hiari ambayo kampuni nyingi za udalali ziliyasaini: mshauri anayehama kati ya wanachama anaweza kuchukua vitu vitano tu, yaani jina la mteja, anwani, namba ya simu, barua pepe na jina ambalo akaunti imeandikishwa. Namba ya akaunti haimo, wala taarifa zake za miamala. Akikupigia huku akijua salio lako la wiki iliyopita, muulize amelijuaje.

Kuhama naye ni hiari yako. Akaunti haihami bila idhini yako.

Wananiomba jina la mtu wa kuaminika. Nikimtaja, ataona fedha zangu?

Hapana, na hawezi kuagiza chochote. Tangu Februari 2018 kanuni za FINRA zinamtaka dalali ajitahidi kupata jina la mtu mzima mmoja anayeweza kumpigia akihofia kwamba unatapeliwa, hupatikani, au afya yako imebadilika. Unaruhusiwa kukataa na akaunti itafunguliwa vilevile.

Kwa maoni yangu hili ni mojawapo ya maombi machache ya taarifa yanayomfaa mteja kuliko kampuni. Dalali akiona dalili za unyonyaji wa fedha kwa mteja wa miaka 65 au zaidi, anaweza kusimamisha muamala hadi siku 15 za kazi, na kuongeza 10 zaidi akiendelea kuona ushahidi. Katika siku hizo atahitaji mtu wa kuzungumza naye, na usipomtaja wewe hatakuwa naye. Mtaje asiyekuwa na masilahi kwenye mali yako, na mweleze kabla hajapigiwa.

Serikali inaweza kuona akaunti yangu bila mimi kujua?

Ndiyo. Dalali analazimika kutoa ripoti kwa siri anapoona muamala wa kutiliwa shaka wa dola 5,000 au zaidi, na sheria inamkataza kukuambia kama ametoa. Kumbana kwa maswali mhudumu wa simu juu ya jambo hili ni bure.

Taarifa zangu zikivuja, nitajulishwa?

SEC ilirekebisha Kanuni S-P Mei 2024, na kampuni kubwa zilipewa hadi Desemba 3, 2025 kuitekeleza. Kwa marekebisho hayo, dalali akigundua kwamba taarifa nyeti za mteja zimefikiwa au huenda zimefikiwa na asiyeruhusiwa, anapaswa kumjulisha aliyeathirika haraka na si zaidi ya siku 30. Kampuni ya nje inayomfanyia kazi inapaswa kumweleza dalali ndani ya saa 72. Kuna mwanya: dalali akichunguza na kuona kwamba taarifa hazijatumika, wala haielekei zitatumika, kwa namna ya kukuletea madhara makubwa au usumbufu mkubwa, halazimiki kukujulisha.

Uvujaji si lazima uwe wa wadukuzi. Mwaka 2022 Morgan Stanley Smith Barney ilikubali kulipa faini ya dola milioni 35, bila kukiri wala kukana madai ya SEC, katika shauri lililohusu taarifa za wateja wapatao milioni 15. Kazi ya kuondoa mitambo ya zamani ilikuwa imepewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyokuwa na ujuzi wa kuharibu data, na baadhi ya mitambo ikaja kuuzwa kwenye mnada wa mtandaoni ikiwa bado na data za wateja.

Ukipata barua ya uvujaji, fungua taarifa za akaunti za miezi iliyotangulia tarehe ya tukio, halafu ndiyo ushughulike na neno la siri na kufungia kumbukumbu zako za mikopo.

Taarifa ya akaunti inatakiwa kuja kila lini?

Angalau mara moja kila robo mwaka, iwapo akaunti ina hisa au dhamana, salio la fedha, au kulikuwa na muamala wowote tangu taarifa iliyopita. Hiyo ni Kanuni 2231 ya FINRA. Madalali wengi hutuma kila mwezi ambao una muamala. Ukiwa na hisa za bei ya chini kabisa, zile ambazo sheria inaziwekea masharti ya pekee, taarifa huwa ni ya kila mwezi.

Usichanganye taarifa na uthibitisho wa muamala. Uthibitisho unatolewa kwa kila ununuzi au uuzaji, na unaeleza bei, idadi, tarehe, malipo ya dalali, na kama alikuwa wakala wako au alikuuzia kutoka kwenye mali yake mwenyewe. Hili la mwisho halionekani kwenye taarifa ya mwezi, na ndilo linaloeleza faida yake ilitoka wapi.

Kwa nini kuna majina ya kampuni mbili?

Moja ndiyo inayokuhudumia, nyingine ndiyo inayotunza mali na kukamilisha miamala. Utaratibu huu ni wa kawaida, na ukurasa wa mbele unapaswa kuzitaja zote mbili, pamoja na salio la kufungulia na la kufungia, na kama kampuni ni mwanachama wa SIPC. Andika mahali jina la inayotunza mali. Siku mshauri wako asipopatikana, huko ndiko utakakopiga.

SIPC ni mfuko unaorudisha mali ya mteja pale kampuni ya udalali inapoanguka na mali haionekani. Kikomo ni dola 500,000 kwa mteja, na kati ya hizo fedha taslimu si zaidi ya 250,000. Hisa zikishuka bei, SIPC haihusiki.

Niliuza hisa siku ya mwisho ya mwezi na taarifa haionyeshi fedha. Zimeibwa?

Huenda hazijaibwa. Tangu Mei 28, 2024 miamala mingi ya hisa Marekani inakamilika siku moja ya kazi baada ya kufanyika. Ukiuza Jumatatu Machi 31, fedha zinaingia Jumanne Aprili 1, yaani kwenye taarifa ya mwezi mwingine. Tafuta sehemu ya miamala inayosubiri kukamilika, kwa kawaida karibu na mwisho wa taarifa ya Machi. Uuzaji huo ukikosekana huko, na Aprili nayo ikaja bila kuutaja, sasa una swali la kuuliza.

Kuna jingine la kutazama kwenye mistari ya fedha: salio lako ambalo halijawekezwa huenda linahamishwa kila siku kwenda benki au mfuko wa muda mfupi. Mstari wake huonekana kama unatoa na kuingiza fedha bila kuagiza. Si wizi, ila soma riba unayopewa. Wengi hupata kidogo sana huko, na wangeweza kuchagua mfuko mwingine.

Bei inayoonyeshwa ndiyo nitakayopata nikiuza?

Kwa hisa zinazouzwa sokoni kila siku, ni bei ya siku ya kufunga taarifa. Kwa mali isiyo na soko, kama mifuko ya majengo isiyoorodheshwa, soma kwa makini zaidi. Zamani taarifa nyingi ziliendelea kuonyesha bei ile ile ya toleo, mara nyingi dola 10 kwa hisa, ijapokuwa ada na kamisheni zilikwisha kuchukua sehemu ya fedha siku ya kwanza. Mteja aliona mtaji wake umesimama palepale. Tangu Aprili 11, 2016 makadirio yanayoonyeshwa lazima yatoe gharama hizo au yatokane na tathmini, na lazima pawe na onyo kwamba mali haina soko la haraka na unaweza kuuza chini ya makadirio. Onyo hilo huandikwa kwa herufi ndogo. Lisome.

Nimeona muamala ambao sikuagiza. Nianzie wapi?

Piga simu leo, andika leo hiyo hiyo. Taarifa yenyewe inabeba sentensi ambayo kanuni inaitaka iwepo: toa ripoti ya kosa haraka kwa kampuni inayokuhudumia na inayotunza mali, na ulichosema kwa mdomo kithibitishe kwa maandishi ili kulinda haki zako. Mikataba mingi inaongeza muda, mara nyingi siku 10, ambao ukipita bila neno kampuni itadai kwamba uliikubali taarifa. Dai hilo si lazima lishinde, lakini usiipe kampuni silaha hiyo.

Barua haihitaji ufasaha. Inaweza kuwa hivi:

"Taarifa ya Septemba, ukurasa wa 3, inaonyesha kwamba Septemba 12 zilinunuliwa hisa 200 kwa dola 4,860 kwenye akaunti yangu. Sikuagiza wala kuidhinisha ununuzi huo. Nilizungumza na ofisi yenu kwa simu Oktoba 6, na barua hii inathibitisha mazungumzo hayo. Naomba muamala huo ufutwe na nijibiwe kwa maandishi."

Iandike kwa Kiingereza, itume kwa kampuni zote mbili, na ubaki na nakala. Usiipeleke kwa mshauri wako peke yake, hasa ikiwa ndiye unayemtilia shaka. Maandishi yana uzito ambao simu haina: malalamiko ya maandishi dalali lazima ayahifadhi kwa miaka 4 na kuyaingiza kwenye ripoti anazopeleka FINRA kila robo mwaka. Na kampuni ikianguka, mtu anayedai kwa SIPC kwamba muamala haukuwa wake atahitaji kuonyesha kwamba alilalamika mapema.

Usidanganyike na majibu ya "tunalishughulikia" yanayotolewa kwa simu mara ya tatu na ya nne.

Basi taarifa ya akaunti inatosha kuwa ushahidi wa mali yangu?

Karibu, ila si yote. Mwisho wa Novemba 2008 wateja wa Bernard Madoff, dalali wa New York aliyekuwa akiendesha utapeli mkubwa wa uwekezaji, walikuwa na taarifa zinazoonyesha jumla ya takriban dola bilioni 65. Zilikuwa na majina ya hisa, tarehe na bei. Miamala hiyo haikuwahi kufanyika. Msimamizi wa ufilisi alipohesabu madai ya kila mteja alikataa kutumia salio la taarifa ya mwisho, akachukua fedha alizoweka mteja na kutoa alizokwisha kuchukua. Wateja walipinga, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini New York ikamuunga mkono msimamizi.

Hapo wenye risiti za benki na hundi za miaka ya nyuma walikuwa na la kuonyesha. Kwa hiyo tunza ushahidi wa fedha ulizoweka, tofauti na taarifa. Na jiulize nani ameandika taarifa yako: Madoff alikuwa msimamizi wa uwekezaji, mtunzaji wa mali na mwandishi wa taarifa kwa wakati mmoja. Kama taarifa zinatoka kwa mshauri peke yake na hujawahi kupata moja kutoka kwa kampuni inayotunza mali, ingia mwenyewe kwenye mfumo wa kampuni hiyo ulinganishe.

Nichague karatasi au mtandao?

Chagua unachokisoma. Kupokea kwa mtandao kunahitaji ridhaa yako na unaweza kuiondoa, ingawa baadhi ya kampuni zinatoza ada ya karatasi. Shida ya mtandao ni kwamba barua pepe inasema tu "taarifa yako iko tayari", na matapeli wanatuma inayofanana nayo. Usibonyeze kiungo. Fungua programu au andika anwani ya tovuti mwenyewe.

Nimehama. Kuna ubaya nikichelewa kubadilisha anwani?

Upo. Barua zikirudi na dalali akakosa kukupata, akaunti inaweza kuhesabiwa imetelekezwa na mali kukabidhiwa kwa jimbo. Muda hutofautiana, kwenye majimbo mengi ni miaka 3 hadi 5. Unaweza kudai, lakini huenda hisa zimekwisha kuuzwa na unarudishiwa thamani ya siku ya mauzo. Anayeishi nje ya Marekani asikie hili mara mbili. Ingia kwenye akaunti mara kwa mara, jibu barua zao.

Unapobadilisha anwani, dalali analazimika kupeleka arifa kwenye anwani ya zamani ndani ya siku 30. Ukipokea arifa kama hiyo na hujahama, kuna mtu anajaribu kuihamisha akaunti yako kimyakimya. Hiyo ndiyo simu ya haraka kuliko zote.

Nataka taarifa ziende kwa mhasibu wangu.

Toa maelekezo ya maandishi. Wewe mwenyewe utaendelea kutumiwa, na usikubali mtu akushawishi vinginevyo: mwizi wa nyumbani huanza kwa kukuondolea karatasi.

Nizitunze kwa muda gani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Dalali anatakiwa kutunza vitabu vya hesabu za wateja kwa miaka 6 na nakala za uthibitisho wa miamala kwa miaka 3, kwa hiyo usimtegemee kwa yaliyopita hapo. Uthibitisho wa ununuzi utunze kwa muda wote unaomiliki hisa, na miaka kadhaa baada ya kuuza. Hii ni muhimu zaidi kwa hisa zilizonunuliwa kabla ya 2011, kwa sababu kabla ya mwaka huo madalali hawakulazimika kuripoti bei ya ununuzi kwa mamlaka ya kodi. Ukiuza leo hisa za 2006, bei uliyonunulia ni juu yako kuithibitisha.

Naweza kujaza kodi kwa kutumia taarifa ya Desemba?

Usifanye hivyo. Subiri fomu 1099, yaani ripoti ya mapato na mauzo yako ambayo dalali anapeleka kwa mamlaka ya kodi, ambayo kwa akaunti za udalali hutoka katikati ya Februari na mara nyingi hufuatwa na marekebisho. Asiye mkazi anapata fomu 1042-S, ripoti ya mapato yake ya Marekani, kufikia Machi 15, na fomu yake ya W-8BEN, anayothibitishia kwamba yeye ni mgeni kwa upande wa kodi, kwa kawaida inakwisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka aliosaini.

Dalali hajibu. Niende wapi?

Kwa taarifa ya akaunti na miamala, peleka malalamiko FINRA au SEC kupitia tovuti zao, ni bure. Kwa faragha, nenda SEC; sheria ya 1999 haikumpa mteja haki ya kumshtaki dalali moja kwa moja kwa kuivunja. Ukitaka kulipwa fidia, mkataba wako karibu hakika unakupeleka kwenye usuluhishi wa FINRA, na huko dai la jambo lililotokea zaidi ya miaka 6 iliyopita halipokelewi. Ambatisha taarifa husika, barua uliyotuma, na tarehe uliyoituma.